Gunzi Tumboni: Habari Kwanza, Dawa Baadaye

Mbwa humeza vitu vingi vya nyumbani: soksi, kizibo cha chupa, chuchu ya chupa ya mtoto, mpira wa kuchezea. Ila kwa nyumba za huku kwetu, kinachostahili uchambuzi wake peke yake ni gunzi. Mahindi ya kuchoma yakishaliwa, gunzi hutupwa uani likiwa bado lina chumvi, ndimu na pilipili, na mbwa hana subira ya kulitafuna. Hulivunja vipande viwili vitatu, akameza.

Ubaya wa gunzi ni kwamba halimeng'enywi. Kipande kidogo cha mfupa hulainishwa na asidi ya tumboni. Gunzi ni nyuzinyuzi ngumu ambazo tumbo la mbwa haliziwezi. Kipande chenye upana wa sentimita 2 au 3 kinaweza kukaa tumboni siku kadhaa, hata wiki, huku mbwa akila na kubweka kama kawaida. Siku kikipenya mlango wa chini wa tumbo na kuingia utumbo mwembamba, ndipo kinapokwama. Wakati huo mwenye mbwa amekwishasahau habari za mahindi, na kwa daktari anasema tu kwamba mbwa ameanza kutapika tangu jana.

Ndiyo maana nasema kazi ya mwenye mbwa katika saa ya kwanza ni kukusanya habari. Dawa amwachie daktari. Amemeza nini? Saa ngapi? Mbwa ana kilo ngapi? Ametapika? Amepata choo? Kama kuna kipande cha gunzi kilichobaki, au soksi ya pili ya ile jozi, ichukuliwe iende kliniki pamoja na mbwa, maana daktari akiona ukubwa wa kitu anajua kama kinaweza kupita chenyewe.

Saa ina uzito wake. Ndani ya saa 2 hivi, kitu kwa kawaida bado kimo tumboni, na daktari anaweza kumchoma mbwa sindano ya apomofini inayomtapisha baada ya dakika chache. Hata hivyo si kila kitu cha kutapishwa. Kilichochongoka, kama sindano au kipande cha wembe, kitachana umio kikirudi. Dawa ya kuzibulia choo na mafuta ya taa huunguza mara ya pili au kuingia mapafuni. Betri ndogo ya duara, ile ya rimoti au saa, ina hatari ya pekee: ikinasa kwenye umio, umeme wake hugeuza unyevu wa pale kuwa magadi makali, na nyama huanza kuungua kabla ya nusu saa kwisha. Hiyo haisubiri foleni. Gunzi nalo, kipande kikiwa kikubwa, linaweza kukwama kooni likitapishwa, kwa hiyo uamuzi ni wa daktari aliyemshika mbwa mkononi.

Dawa za nyumbani huharibu zaidi. Mafuta ya kula yakimiminwa kinywani kwa nguvu huteremkia mapafuni. Maji ya chumvi hupandisha sodiamu kwenye damu hadi mbwa akapata degedege. Haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa humtapisha kweli, lakini huchubua ukuta wa tumbo. Na uzi au kamba ikionekana imetokeza mdomoni au nyuma, isivutwe: ncha ya pili imeshika mahali ndani, na utumbo hujikunja juu yake kama kiuno cha kaptula kinavyojikunja kamba ikivutwa, mpaka uzi ukaukata.

Jambo moja tu halingoji maswali: mbwa anayekabwa. Akishindwa kuvuta pumzi na ufizi ukageuka bluu, mfungue kinywa, na kitu ukikiona kitoe. Usipokiona, usisukume vidole ndani. Simama nyuma yake, weka ngumi chini ya mbavu na ubonyeze kwa nguvu kuelekea mbele na juu.

Kliniki, picha ya eksirei huonyesha wazi chuma, jiwe na mfupa. Gunzi, kitambaa na plastiki laini hujificha. Daktari mzoefu huangalia mambo mengine: utumbo uliojaa hewa na kuvimba upande mmoja wakati upande wa pili umenywea, au safu za vitundu vidogo vya hewa zilizopangika sawasawa, alama ya gunzi lenyewe. Ultrasaundi husaidia pale eksirei inapoishia. Mashine hizi hazipo kila mji. Hospitali za kufundishia, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro na ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, ndizo rufaa inakoelekea mara nyingi. Pasipo na mashine, neno la mwenye mbwa kwamba aliona gunzi likimezwa ndilo kipimo.

Ikithibitika limekwama, ni upasuaji. Kabla ya kisu, dripu: mbwa aliyetapika sana amepoteza maji, potasiamu na kloraidi, na kumpa nusukaputi katika hali hiyo ni kumhatarisha. Kisha tumbo hufunguliwa katikati, na utumbo wote hupitishwa mkononi kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana anayemeza gunzi moja huenda alimeza mawili. Pale lilipokwama panajulikana kwa macho: nyuma yake utumbo ni mwekundu na umevimba, mbele yake umesinyaa.

Hapa pana ufundi unaofaa kutazamwa kwa karibu. Daktari hakati juu ya gunzi, kwa sababu nyama ya hapo imebanwa na imechoka. Hukata mbele yake kidogo, kwenye utumbo mzima, upande usio na mishipa mikubwa ya damu, halafu hulisogeza gunzi taratibu hadi litoke. Sehemu iliyogeuka nyeusi, isiyocheza ikiguswa, hukatwa na ncha mbili kuunganishwa. Katika kushona, sindano lazima ishike tabaka la chini ya utando wa ndani; hilo ndilo lenye nguvu, na mshono ulioshika ngozi ya juu tu utaachia. Kisha huja jaribio: sehemu iliyoshonwa hubanwa pande zote mbili kwa vidole, maji ya chumvi ya hospitali huingizwa kwa bomba la sindano, na kila tone linalovuja huongezewa mshono. Mwisho utando wa mafuta wa tumboni hufunikwa juu ya jeraha, tumbo huoshwa, na glavu hubadilishwa kabla ya kufunga.

Mbwa akiamka, furaha isizidi. Chakula laini kidogo kidogo kinaweza kuanza siku ya pili, na shingoni avishwe koni asilambe mshono. Siku za kuangalia kwa makini ni ya 3 hadi ya 5, kwa kuwa utumbo ukivuja, mara nyingi huvuja wakati huo. Homa, kugoma kula, kutapika tena, au kulia akiguswa tumbo: arudishwe siku hiyo hiyo, hata kama mshono wa nje umekauka vizuri. Mshono wa nje hausemi lolote kuhusu ule wa ndani.