Utendi wa Mwana Kupona na Mama wa Mbezi Beach

Tumfikirie mama mmoja akaaye Mbezi Beach, Dar es Salaam. Binti yake ana miaka 26, ana kazi na mshahara wake, hajaolewa wala hana haraka. Jumamosi huenda ufukoni na rafiki zake, akarudi usiku wa manane. Mara nyingine husafiri, na mama hupata habari binti akiwa amekwisha fika Arusha. Mama halali, hukaa sebuleni akisikiliza geti. Asubuhi akitafuta maneno ya kumwonya, hushika Utendi wa Mwana Kupona, maana hakuna mausia ya mama kwa binti yajulikanayo zaidi katika lugha yetu. Je, ameshika kitabu kifaacho? Swali hili latupasa kulijibu, kwa kuwa mausia yakisemwa vibaya huweza kumfukuza mwana nyumbani.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyeshindana na enzi ya Seyyid Said. Aliutunga utendi huu mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858 hivi, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikuwa yametimiza mwaka. Wasomaji wengi hulipita jambo hili mbio, wakaenda kwenye amri: mke asitoke bila idhini ya mumewe, asikawie njiani, asimwamshe alalapo, ajipambe kwa ajili yake. Nao Alice Werner na William Hichens walipoutoa kwa Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina la mausia juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limetufunga macho. Sisi twauona kwanza kuwa ni utendi wa hofu. Mama aona kifo kinakaribia, na binti atabaki katika nchi iliyojaa vita na fitina. Ua pekee alijualo la kumkinga ni nyumba ya mume. Amri zile ni vijiti vya ua huo.

Basi, mama wa Mbezi Beach akizichukua amri zenyewe hatafika mbali. Mume hayupo wa kuombwa idhini. Bintiye hujilipia nauli na pango, na sheria imemhesabu kuwa mtu mzima tangu alipotimiza miaka 18. Kumsomea habari za kutotoka nyumbani ni kumpa sababu ya kutorudi.

Lakini atakayeutupa utendi wote naye amekosa. Tuulinganishe na Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Huko Ukerewe, Zakaria amlinda bintiye Rosa kwa fimbo. Regina, mama yake, ana upendo tele, ila sauti yake haina nguvu katika nyumba ya mlevi. Rosa aendapo masomoni mbali na fimbo, hana neno la mzazi la kushika, na mwisho wake ni kujiua. Wahenga walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kezilahabi atuonyesha jinsi ulimwengu ufunzavyo kwa ukali.

Kile alichokosa Regina, Mwana Kupona anacho. Hamwiti bintiye ili amkemee. Amwita aje karibu, aketi. Hafichi ugonjwa wake. Amsimulia ndoa yake mwenyewe, jinsi alivyoishi na mumewe hata mauti yakawatenga. Na karibu na mwisho aacha kuamuru, akaomba dua kwa ajili ya watoto wake, akiwakabidhi kwa Mungu, kwa kuwa mkono wake hautawafikia tena. Hapo twaona ubora wa utendi kuliko katika amri zote. Mama wa mtu mzima, ajapokuwa mzima wa afya, yu katika hali iyo hiyo: mkono haufiki. Amwambie bintiye waziwazi, "Mwanangu, naogopa," amweleze aogopalo na limetoka wapi katika maisha yake, kisha amwachie.

Kasoro moja hatuwezi kuifunika. Katika beti zote mia na zaidi, Mwana Hashima hasemi neno. Hatujui kama alikubali, kama alicheka, kama alilia. Hata hivyo mama alimwagiza aje na wino na karatasi, nasi twafikiri kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa binti. Akina mama wausomao leo na waanzie hapo: wakiisha kusema yaliyo moyoni, wanyamaze, wamwache binti naye aseme yake. Huenda akasema jambo lisilopendeza. Heri kulisikia sebuleni kuliko kuletewa na jirani.