Sheria Isiyo na Jina: Msamiati wa Kibunge wa Rwanda Ukitazamwa kutoka Rusizi

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Chombo kilichotumika hakikuwa sheria ya kawaida, bali kile ambacho Kinyarwanda hukiita *itegeko ngenga*: sheria iliyo chini ya Katiba na juu ya sheria za kawaida, inayohitaji tatu ya tano ya kura za waliohudhuria katika kila baraza. Ajabu ni kwamba Kiswahili hakina jina lililokubalika la sheria hiyo iliyokitawaza.

Istilahi kama mswada, hoja, akidi na spika zimekomaa Dodoma na Nairobi, katika mifumo iliyorithiwa kutoka Uingereza, ambako daraja hilo la sheria halipo. Zikihamishwa Kigali jinsi zilivyo, hupwaya. Hata neno “mbunge” lina utata: Rwanda ina manaibu 80 na maseneta 26, na wote ni wajumbe wa Bunge. Kenya imeanza kutenganisha mbunge na seneta. Tanzania haikuwahi kulazimika.

Rusizi ndipo pengo hili linapoonekana wazi. Kiswahili cha Kamembe hukutana kila siku na cha Bukavu, ng’ambo ya mto, na mfanyabiashara wa mpakani hashangazwi na “depite” wala “senateri”. Kongo nayo ina sheria za daraja hilo, Burundi vilevile. Hivyo jina linalotafutwa si la Rwanda pekee. Mwananchi akiambiwa “sheria” tu, hajui kwamba kuibadili kunahitaji kura nyingi zaidi.

Mapendekezo yanayoweza kutolewa hayalingani. “Sheria ya kikaboni” ni tafsiri ya kamusi inayonuka maabara ya kemia. “Sheria ya msingi” hugongana na Katiba yenyewe. “Sheria ngenga” ndiyo yenye nguvu zaidi, ingawa msomaji wa Mombasa atauliza ngenga ni nini. Swali ni halali, lakini halitoshi kuikataa: wanaisimu hulihusisha neno “bunge” na Kiha, jirani wa karibu wa Kinyarwanda, na “ngeli” na Kihaya. Hakuna anayedai leo kwamba bunge ni neno geni. Gazeti Rasmi la Rwanda huchapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Safu ya nne ikifunguliwa, mfasiri atakutana na neno hili mapema sana.