Njia ya Kaole Haina Salamu

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo na leo nina ugomvi na vijitabu vya watalii. Nimevisoma vingi, maana baada ya kumaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani muda mrefu bila kazi, nikawa nasoma kila karatasi iliyopita mbele yangu. Vyote vinasifu matembezi yale yale: unaanzia kwenye magofu ya Kaole, unafuata pwani kama kilomita tano hadi mjini, unatazama Boma la Wajerumani, soko la samaki na forodha, halafu unamalizia kaskazini kwenye misheni ya mwaka 1868, penye mnara na njia ya miembe. Njia ni nzuri, sibishi. Ukisimama ufukweni alfajiri, ngalawa zinapotweka matanga, hata mwenye deni husahau.

Tatizo ni jinsi njia hiyo inavyoandikwa. Angalia habari za mnara. Vijitabu husema mwili wa Livingstone "uliletwa" hapa mwaka 1874. Uliletwa! Na nani? Na upepo? Livingstone alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na akina Susi na Chuma na wenzao wakamchukua kwa miguu miezi kadhaa mpaka pwani. Hakuna matembezi makubwa kuliko hayo yaliyowahi kuishia Bagamoyo, lakini katika kitabu cha matembezi waliotembea wamefichwa ndani ya kitenzi kimoja. Shuleni tulifundishwa kauli ya kutendwa kwa ajili ya mtihani tu. Hatukuambiwa kwamba inaweza kumfukia mtu.

Na jina lenyewe la mji je? Karibu kila kijitabu kinashika maana moja: mtumwa anaubwaga moyo wake hapa kabla ya kuvushwa Unguja. Uchungu huo ulikuwapo, asiukane mtu. Lakini wazee wetu wanayo na maana nyingine, ya mpagazi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuja kwa maelfu, wakilipwa ujira, kila mmoja na mzigo wa kilo zipatazo 30 begani, na walipoiona bahari waliubwaga moyo kwa furaha kwamba safari imekwisha. Maana zote mbili zingeweza kukaa katika ukurasa mmoja zikagombana. Ugomvi huo ndio hadithi, bwana. Mwandishi wa kijitabu ameuzima ili mgeni apate huzuni moja fupi kabla ya chakula cha mchana.

Wenzangu mtasema namwonea, kazi yake ni kuuza vyumba vya hoteli. Haya, tumwache. Je, sisi?

Riwaya yangu, ambayo bado iko ndani ya madaftari matatu, ilianza na kijana anayetembea kutoka Kaole hadi forodhani. Niliijaza upepo mwanana, minazi inayopepea na mchanga mweupe pepepe. Nikajiona nimefika. Jioni moja nikamsomea shangazi yangu, ambaye anakaanga samaki pale sokoni. Alisikiliza huku akigeuza vibua kwenye karai, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akauliza, "Mwanangu, huyu kijana wako mbona hamwamkii mtu? Kapita vijiji vyote hivyo kimya kimya, ni mwizi?"

Nilikasirika, nikasema hajui mambo ya fasihi. Usiku nikaisoma tena. Kweli bwana, kurasa kumi na moja hamna shikamoo hata moja! Kijana wangu alikuwa mtalii. Nilikuwa nimeiandika pwani yetu kwa macho ya kile kijitabu, mimi niliyezaliwa hapa.

Na si mimi peke yangu. Hadithi nyingi tunazopelekeana humu zikifika baharini husimama kupigwa picha. Mawimbi hubusu ufukwe, jua huzama, mpenzi hulia. Adam Shafi katika *Kuli*, ya mwaka 1979, anatupeleka bandari ya Unguja, lakini bahari yake ina magunia, ina jasho, ina watu wanaodai haki yao. Unaiona bahari kwa sababu mtu anafanya kazi juu yake.

Kwa hiyo nimerudi Kaole kwa miguu, safari hii na daftari. Nimejifunza kwamba wakati wa bamvua maji yakijaa hupiti chini, unapanda juu mashambani, na huko ndiko utakutana na watu. Kijitabu hakitaji kupwa wala kujaa, kana kwamba bahari ni ukuta uliopakwa rangi. Kwenye magofu, kati ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, lipo kaburi la Sharifa. Vijitabu vinaliita la kale, lakini watu wanakuja mpaka leo kuomba dua pale. Mikoko imeziba bandari ya zamani. Anayetaka mandhari ya bahari atavunjika moyo kidogo.

Sura ya kwanza nimeshaiandika upya mara nne. Sasa kijana anaamkia watu, na safari imekuwa ndefu mno, kwa sababu kila anayeamkiwa ana neno. Mzee mmoja anamshika mkono njiani na kumwuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Hapo ndipo nimekwama tangu mwezi uliopita. Sijui bado ni mtoto wa nani.