Kitochi, Kishikwambi na Zebaki

Habari za teknolojia nazifuata kama wenzangu wanavyofuata ligi. Simu mpya ikitoka, nasoma. Roketi ikirushwa, nasoma. Kampuni ya Marekani ikitangaza programu mpya usiku, asubuhi nimeshaijua. Nasoma kwa Kiingereza pale ninapoweza, na kwa Kiswahili kila ninapozikuta, kwa sababu napenda kuona lugha yetu inavyobeba mizigo mipya. Leo nataka kuzihakiki habari hizo za Kiswahili kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia: zimeandikwaje, zinamwandikia nani, na msomaji akimaliza anabaki na nini.

Maoni yangu ni haya. Kiswahili hakina upungufu mkubwa wa maneno ya sayansi na teknolojia. Upungufu wake ni waandishi wanaoanza na swali ambalo msomaji tayari analo. Tumetumia nguvu nyingi kubishania istilahi, kama ni akili bandia, akili mnemba au akili unde, na nguvu kidogo sana kumweleza mtu hicho kitu kinafanyaje kazi na kinamhusu nini.

Chukua habari ya kawaida ya simu mpya. Mpangilio wake unaujua kabla hujaifungua: jina la kampuni, tarehe ya uzinduzi, ukubwa wa kioo kwa inchi, megapikseli za kamera, ukubwa wa betri, aina ya prosesa, bei kwa dola. Mwisho unaombwa utoe maoni yako. Maoni gani sasa? Hiyo ni lebo ya boksi iliyotafsiriwa. Hapa Buseresere mtu anayetaka kununua simu anauliza mengine kabisa. Kioo kikivunjika, kingine kinapatikana Katoro au mpaka nitume mtu Mwanza? Inashika mtandao kule machimboni? Chaji inakaa siku mbili? Ikila maji inafufuka? Hata hizo megapikseli 200 wanazozisifia, ni mara ngapi umesoma kwamba ni hesabu ya vinukta vinavyounda picha, na kwamba ukiituma picha hiyo kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na vingi vya vinukta hivyo vinapotea? Sentensi hiyo moja ingemsaidia mnunuzi kuliko aya tatu za sifa.

Watu wenyewe, wakiachwa, wanavipa vitu majina kwa akili nzuri. Angalia neno kitochi. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, na dunia nzima zikauzwa zaidi ya milioni 250. Ilikuwa simu ndogo, ngumu, yenye tochi kichwani. Wakati vitabu vinatuletea rununu, mtaani watu waliangalia simu za aina ile wakaona kinachowasaidia usiku ni ile taa, wakaita kitochi. Neno lile limebeba mengi. Kuna ki- ya udogo, kuna matumizi, kuna bei, na kuna dharau kidogo kwa mwenye nacho mbele ya mwenye smatifoni. Tarakilishi silichukii, lina mantiki yake na Wakenya wanalitumia vitabuni, ila sijawahi kumsikia mtu akilitamka dukani huku kwetu. Kompyuta inawatosha.

Isije ikadhaniwa nasema neno la mtaani ndilo pekee linaloishi. Kishikwambi lilitoka juu, na zamani ungelitaja watu wangecheka. Ikaja Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022. Makarani wakapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, na baada ya sensa vingi vikagawiwa kwa walimu. Neno lilikuja na kazi, na posho, na mtu aliyesimama mlangoni kwako akikuuliza mmelala wangapi. Hakuna aliyehitaji kamusi. Leo mwalimu wa shule ya msingi anasema "kishikwambi changu kimezima" bila hata kujisikia kwamba anaongea Kiswahili sanifu.

Mfano mkubwa zaidi ni makinikia. Machi 2017 serikali ilizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Mchanga ule ulitoka Bulyanhulu na Buzwagi, huku huku ukanda wetu. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasoma ripoti yake mbele ya Rais Magufuli, na tarehe 12 Juni ikafuata ya Profesa Nehemiah Osoro. Kampuni ya Acacia ikapinga takwimu zile. Mimi siandiki kuamua nani alikuwa sahihi. Ninachotaka uone ni kilichotokea kwenye lugha. Ghafla watu wa vijiweni walikuwa wanabishana juu ya gramu kwa tani, juu ya sampuli ilichukuliwaje, juu ya kwa nini shaba na dhahabu zinasafirishwa zikiwa zimechanganyika hadi kwenye tanuru la kuyeyushia. Hiyo ni kemia na takwimu, tena si nyepesi. Waandishi waliandika vizuri kuliko kawaida yao kwa sababu swali lilikuwa wazi: kuna nini ndani ya kontena, na nani amepima? Neno gumu lilibebwa na jambo zito, likafika.

Sasa niende kwenye jambo zito kuliko simu na kontena, ambalo kwetu liko kila siku na maandishi yake ni dhaifu: zebaki.

Habari ya zebaki kwa Kiswahili ina sentensi yake moja inayojirudia: zebaki ni hatari kwa afya, wachimbaji waache kuitumia. Nukta. Nilishawahi kumsomea mzee mmoja mwaloni habari ya namna hiyo kwenye simu yangu. Akanionyesha kiganja. "Kijana wangu, hii nimeishika tangu ujana wangu, mkono si huu hapa?" Huwezi kumlaumu. Habari imemwambia kitu ambacho macho yake yanakikataa, na haikumwambia kitu ambacho macho yake hayawezi kukiona.

Kwa sababu kuishika nako si salama, lakini mlango mkubwa wa sumu ile ni pua. Zebaki inashikana na dhahabu na kuwa donge moja. Ukilichoma donge, zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na kuondoka hewani, dhahabu inabaki, maana yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 1064. Ndiyo maana njia ile inafanya kazi, na ndiyo maana inaua taratibu. Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, sehemu kubwa, kama asilimia 80, inapita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu, kisha inafika kwenye ubongo na figo. Mikono inaanza kutetemeka, mwendo unayumba, usingizi na kumbukumbu vinasumbua. Hayo yote yanaandikika kwa Kiswahili cha kawaida, nimeyaandika hapa sasa hivi, na hakuna istilahi hata moja iliyohitaji kikao.

Ila kuna neno moja ambalo kweli linahitaji mjadala, na hakuna anayelijadili. Watu wanasema "moshi wa zebaki". Moshi unaonekana. Ukiisha, unajua umeisha, unarudi ndani. Ukisema "mvuke" nako, msomaji anafikiria sufuria ya ugali, ambayo mvuke wake anauona. Kitu hiki hakionekani, kinabaki chumbani, kinashika kwenye kuta na nguo, na mama anayepika chumba cha pili anakivuta bila habari. Hapo ndipo ningependa wataalamu wa lugha waje na daftari zao, kwa sababu hapo jina baya linaweza kumfanya mtu arudi ndani mapema.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba sayansi ya jambo hili imeshafanyika, tena mlangoni kwetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, lilikuwa na mradi wa zebaki katika nchi kadhaa, na kwa Tanzania ulichagua Rwamagasa, Geita. Watafiti waliwapima watu 180 wa Rwamagasa, na ili wapate cha kulinganisha wakawapima wengine 31 wa Katoro, mahali palipochukuliwa kuwa hapana uchimbaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la kimataifa: katika wale wanaochoma madonge, kama robo walikutwa wameathiriwa na zebaki. Jirani zetu wa Katoro wamo kwenye fasihi ya sayansi ya dunia kama kipimo cha watu wasioguswa na dhahabu. Leo ukipita barabara ile ya lami, Katoro na Buseresere zimeshikana na biashara ya dhahabu iko humo humo. Nani amemweleza mkazi wa hapa kwa Kiswahili kwamba damu na mkojo wa jirani zake vilipimwa, na kwamba kipimo kile huenda kimeshapitwa na wakati? Kwenye kurasa za teknolojia ninazosoma sijaikuta habari hiyo hata mara moja. Nimekuta nyingi za simu inayokunjika.

Wakijitahidi, waandishi wanataja Minamata, kwa sababu mkataba wa dunia wa zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la mji ule wa Japani. Hapo tena wanachanganya. Watu wa Minamata waliumizwa na zebaki ya kiwandani iliyoingia baharini na kukaa kwenye samaki na kombe waliowala. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mchomaji wa Geita anaumizwa na hewa. Kuna daraja kati ya hizo mbili, kwa kuwa zebaki ikifika kwenye maji, bakteria wanaweza kuigeuza kuwa aina ile inayopanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, na Ziwa Victoria haliko mbali. Lakini ni njia mbili, na kinga zake ni mbili. Mchomaji anahitaji chombo kilichofungwa kinachourudisha mvuke uwe zebaki tena, ambacho pia kinamwokolea pesa, maana zebaki hainunuliwi bure. Mkataba wenyewe umetaja mambo ya kuondolewa kwa majina: kuchoma donge wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kupeleka kwenye sianidi marudio yenye zebaki bila kwanza kuitoa. Hilo la mwisho linagusa moja kwa moja watu wanaonunua marudio, kwani sianidi inaiyeyusha zebaki na kuifanya isafiri kirahisi zaidi na maji. Mkataba huo unazungumza juu ya kazi zetu kwa undani kuliko habari zetu wenyewe.

Najua utetezi wa waandishi, na una haki yake. Taarifa ya kampuni ya simu inakuja bure, imeshapangwa, ina na picha. Makala ya zebaki inataka nauli, siku tatu, na mtu wa kukuelezea jarida la Kiingereza. Wasomaji nao wanabonyeza simu mpya, nikiwemo mimi. Lakini makinikia ilionyesha kwamba msomaji wa Kiswahili anafuata hesabu ngumu akiona mfuko wake umo ndani. Hatukimbii sayansi. Tunakimbia sayansi isiyotuhusu.

Na kuna sababu mpya ya kuharakisha. Hizi programu za akili bandia, ambazo vijana wameanza kuziuliza kila kitu, zinajifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Kwa Kiingereza zina vitabu na majarida ya kila namna. Kwa Kiswahili zinakuta tulichokiandika. Kijana wa mwaloni akiiuliza achome wapi donge lake, jibu atakalopewa linaweza kuwa ile sentensi yetu moja, zebaki ni hatari kwa afya, imepangwa vizuri na kutolewa haraka. Mashine haitapata kwetu maarifa ambayo sisi tumeona uvivu kuyaandika.

Kwa hiyo waandishi wa teknolojia, nina oda. Niandikieni juu ya vumbi la karasha na mapafu ya anayelisha mawe. Niandikieni kwa nini kioo cha simu fulani kinakaribia bei ya simu nzima. Nendeni Rwamagasa mkaulize wale waliopimwa wako wapi. Mkimaliza, kabla ya kuchapisha, msomeeni mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo, mumuulize kesho asubuhi atabadilisha nini. Akiwa na jibu, chapisheni hata kama mmeandika kompyuta badala ya tarakilishi. Mimi nitaisoma kabla ya simu inayokunjika.