Matone Chini ya Mfuniko

Kibara, upande wa Bunda unaotazama Ghuba ya Speke, mama mmoja anachemsha ukindu wa mikeka. Maji ni ya bluu iliyokolea. Anapofunua sufuria, mgeni anaruka nyuma akidhani mvuke ule ni rangi. Mama anacheka, anageuza mfuniko na kumwonyesha matone: maangavu kama ya kisima. Maji yamepanda, rangi imebaki chini na ukindu.

Ufundi wa kujua kipi kinapanda na kipi kinabaki una wazee wake. Mwaka 1909 Mdenmarki Martin Knudsen alionyesha namna ya kupima shinikizo la mvuke mchache mno. Unga wa kitu kinachopimwa hutiwa kwenye kichombo chenye kitundu kimoja cha kupenya sindano, hupashwa moto mahali palipoondolewa hewa, kisha hupimwa umepungua uzito kiasi gani. Fundi hurudia kwa joto hili na lile, huchora mstari, huushusha polepole hadi nyuzi 25, joto la kivulini Kibara, ambako mizani yake haioni tena kitu. Hapo ndipo anapokadiria, kwa subira na kwa haya ya kukosea.

Namba hizo ndogo si za kupuuza. Zebaki wanayochomea dhahabu wachimbaji wadogo, Buhemba wakiwemo, ina shinikizo la paskali 0.26 tu kwa nyuzi 25. Hata hivyo, chumba kilichofungwa kinaweza kubeba miligramu 20 hivi za mvuke wake katika kila mita ya ujazo, bila rangi, bila harufu.

Siku hizi kompyuta hukadiria shinikizo hilo la mvuke chai haijapoa. Programu huhitaji kiwango cha mchemko cha kitu chenyewe. Isipopewa, hukikisia yenyewe. Sasa, rangi nyingi za unga kama ile ya mama wa Kibara ni chumvi, huvunjika kwa moto kabla hazijachemka. Programu haina soni, inatoa namba, na namba inanakiliwa kwenye karatasi ya usalama ya rangi hiyo. Fundi wa zamani angeandika: hairuki, chunga vumbi lake.

Mama analichunga. Anaupa upepo mgongo, anajifunga mtandio puani, ndipo anafungua rangi. Anakumbuka enzi za kopo lenye jina. Ya leo imefungwa kwenye kipande cha nailoni, fundo juu, na neno moja la kalamu: bluu.