Fani ya Reli Inayokatika

Mbarara haijawahi kufikiwa na reli. Njia ya Kampala hadi Kasese, iliyokamilika mwaka 1956, iliipita kaskazini. Fundi wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyo karibu na Mbarara, anayetaka kuunda reli ya mfano kwa waya, makopo na maboksi hana stesheni ya jirani ya kupima. Lakini wakazi wengi wa makazi hayo wametoka mashariki ya Kongo, na reli ya huko inastahili kusomwa kama kazi ya sanaa: fani yake kwanza, ndipo maudhui.

Fani yake ni mkato. Kampuni ya Wabelgiji iliyojulikana kama CFL mwanzoni ilitandika reli pale tu mto Lualaba ulipokataa meli. Kipande cha kwanza, kilomita 125 kutoka Kisangani hadi Ubundu, kilifunguliwa mwaka 1906 ili kukwepa maporomoko. Kutoka Ubundu mzigo uliingia melini hadi Kindu. Hapo ulipanda tena treni, kilomita 355 hadi Kongolo, kisha ukarudi majini hadi Kabalo. Mwaka 1915 kikaja kipande cha kilomita 273 kutoka Kabalo hadi Kalemie, kikiufuata mto Lukuga mpaka Ziwa Tanganyika.

Kila mkato ulikuwa na watu wake. Palipoishia reli, gunia lilishushwa, likabebwa begani, likapakiwa upya. Maudhui ya njia hii ni kazi ya mchukuzi, na yanaonekana zaidi gatini kuliko katika garimoshi.

Ndiyo maana umbo linalopendwa na waundaji wengi, la reli inayozunguka meza na kurudi ilikoanzia, linaiharibu njia hii. Duara halina mwisho, kwa hiyo halina gati wala mchukuzi. Treni inapendeza machoni, ila historia imefutwa. Umbo la haki ni mstari wenye maji kila upande: mto huko Kabalo, ziwa huko Kalemie.

Kipimo nacho kinadai uamuzi. Kwa 1:87, kilomita 273 zinakuwa zaidi ya kilomita 3, na hakuna chumba cha kuzitosha. Fundi hana budi kufupisha kama mshairi anayebanwa na mizani. Afupishe pori la katikati, asiguse gati.

Swali gumu zaidi ni mwaka upi wa kuonyesha. Kabla ya 1939 hapakuwa na reli kati ya Kongolo na Kabalo. Meli ilikuwa ya lazima. Mwaka 1955 upana wa njia ya Kabalo hadi Kalemie ulibadilishwa kutoka milimita 1,000 hadi 1,067, ili ilingane na reli za Katanga. Katika 1:87 tofauti hiyo haifiki milimita moja, jicho haliioni. Kinachoweza kuonyeshwa ni mabehewa ya Katanga yakiingia Kabalo bila mzigo kushushwa. Badiliko la vipimo linasomeka katika kazi iliyotoweka.

Hukumu yangu ni hii: uzuri wa reli ya mfano hupimwa kwa ukweli wa miisho yake. Kwa hiyo, wewe fundi wa Nakivale, kabla hujakata ubao, mtafute mzee aliyeijua Kalemie au Kabalo. Usimwulize treni ilikuwa na rangi gani. Mwulize mzigo ulishushwa wapi, na nani aliubeba.