Chui Alifuata Nini? Hemingway, Kunguru na Makombo ya Kilimanjaro

Hadithi ya Ernest Hemingway juu ya theluji za Kilimanjaro, iliyochapwa mwaka 1936, hutanguliwa na aya moja fupi ambayo pengine imekumbukwa kuliko hadithi yenyewe. Aya hiyo yatuarifu kuwa karibu na kilele cha magharibi kuna mzoga wa chui uliokauka na kuganda, kisha yakiri kwamba hapana aliyepata kueleza kilichompeleka mnyama yule juu kiasi kile. Chui huyo hakuwa wa kubuni. Katika miaka ya 1920 Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyeupanda mlima mara nyingi hata kreta moja ya Kibo ikapewa jina lake, aliuona mzoga huo, akakata sikio moja liwe kumbukumbu.

Mfasiri anayetaka kuileta aya hii katika Kiswahili hukabiliwa na kitenzi kimoja. Je, chui alikuwa akitafuta nini, au alifuata nini? Mtu akionekana mahali pasipo pake, watu wa pwani huuliza: amefuata nini huku? Kutafuta ni kazi ya asiyejua kilipo akitakacho. Kufuata ni kwenda pale ambapo kitu kinajulikana kuwa kipo. Chui wa Hemingway astahili kutafuta, kwani fumbo lake lategemea kutojua. Lakini kwa wanyama wengi wanaoonekana leo katika kambi za mlima ule, neno ni kufuata, na jibu li wazi.

Wahakiki wamemtukuza chui kuwa ishara ya roho itamaniyo makuu. Tafsiri hiyo ina haki yake, ila yasahau kwamba hadithi yenyewe yatokea kambini, chini kabisa ya kilele, ambako mtu aitwaye Harry amelala mguu wake ukioza. Hapo wamo wanyama wengine: tai waliokusanyika tangu siku gari lilipoharibika, na fisi apitaye kila usiku kwa majuma mawili. Hao hawana fumbo. Wamekwisha kujua kwamba penye binadamu hapakosi kitu. Hemingway aliweka njaa mbili katika hadithi moja. Sisi wasomaji tumeikariri ya chui, tukaisahau ya fisi.

Apandaye leo kwa njia ya Marangu huikuta hiyo ya pili. Penye vibanda vya Mandara, yapata mita 2,700, kima hutoka msituni. Horombo, yapata mita 3,700, kunguru wa shingo nyeupe hutembea baina ya mawe kama mwenye nyumba, na panya wenye mistari hupita miguuni mwa wageni. Kanuni za Hifadhi zakataza kuwalisha. Hata hivyo mgeni aliyelipa fedha nyingi hutaka picha, na kipande cha biskuti hakimgharimu kitu.

Humgharimu mwingine. Mpagazi, ambaye Moshi huitwa mgumu, hupanda na chakula cha kuhesabu, na kunguru aliyezoeshwa na mgeni wa jana hachagui mfuko wa nani apasue. Mnyama naye hulipa. Kima aliyepewa mara tatu, mara ya nne hunyang'anya. Huitwa mwizi, akapigwa mawe. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Habari hii si ya mlimani tu. Huko Grand Cayman, katika bahari ya Karibea, wavuvi walizoea kutupa matumbo ya samaki penye maji matulivu, na taa wakakusanyika. Katika miaka ya 1980 wakaja wazamiaji na vyakula mikononi. Taa, ambaye kwa asili huwinda usiku na peke yake, akawa wa mchana na wa makundi.

Wahenga walinena: kunguru hafugiki. Visiwani twaijua methali hii kwa machungu, maana kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka. Akala taka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine. Methali yasema hafugiki, haikusema hazoeleki. Hapo pana tofauti kubwa. Afugaye hujifunga kwa maji, kwa ugonjwa na kwa kesho. Kobe wa Changuu, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wana watunzaji. Mgeni awapaye mchicha huongeza katika hesabu iliyokwisha kufunguliwa na mwingine. Mgeni wa Horombo huzoesha bila kufuga, kisha hushuka, akapanda ndege.

Atakuwapo atakayeuliza: je, si thawabu kumlisha mwenye njaa? Twaikumbuka simulizi ya mtu aliyeteremka kisimani akampa mbwa maji kwa kiatu chake. Lakini mbwa yule alikuwa akilamba udongo kwa kiu, na mtu yule hakutaka chochote kwake. Kunguru wa Horombo ana mlima mzima wa kumlisha. Mwenye haja pale ni mpigaji picha.

Washairi wetu, nasi tumezidi kuisifu theluji kama kilemba, tukawaacha wanaoishi chini yake. Mwaka 1962 msafiri Wilfred Thesiger aliona mbwa mwitu watano juu kabisa ya Kibo, penye theluji. Walikuwa wamefuata nini? Swali hilo lingali zuri, na ndilo lastahili shairi. Twaweza kulihifadhi kwa jambo dogo sana: kuacha biskuti mfukoni.